Kompyuta ya mezani inayogoma kuwaka asubuhi: pima kwanza, nunua baadaye

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Juzi nililetewa mashine ya duka la steshenari. Asubuhi ukibonyeza swichi, feni inazunguka kidogo halafu inazima. Unabonyeza tena, inazima. Mara ya tano au ya sita ndipo inawaka, na ikishawaka inashinda mpaka jioni bila tatizo. Dada mwenye duka alikuwa ameshanunua ramu mpya (kadi ya kumbukumbu ya muda) na kulipia kufomatiwa, yaani kufutwa na kuwekewa Windows upya, mara mbili. Iliniuma sana, maana mashine inayozima kabla ya kuonyesha chochote kwenye kioo haijafika hata kuisoma Windows. Kufomati kungemsaidia nini?

Hatua ya 1: ukutani. Achana na ekstensheni, chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyingi hulegea ndani na huwezi kuona kwa macho. Kama saplai yako (boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine) ina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, hakikisha inasoma 230. Ikiwekwa 115 kwa umeme wetu, saplai inaungua papo hapo.

Hatua ya 2: vumbi na ramu. Chomoa waya wa umeme, kisha shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Fungua kava na ushike chuma chake kabla hujagusa kitu kingine. Toa vumbi kwa brashi laini huku umezuia feni kwa kidole. Chomoa ramu, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, kisha irudishe uikandamize mpaka vibanio vya pembeni vijifunge. Kama ziko mbili, jaribu moja moja.

Hatua ya 3: betri ya saa. Ni ile ya duara, CR2032. Ikiwa mpya husoma volti 3 na kidogo. Tarehe ikirudi nyuma kila umeme ukikatika, au mashine ikidai ubonyeze F1 kila siku, ibadilishe. Ni betri ya bei ndogo.

Hatua ya 4: pawa saplai. Hapa ndipo ugonjwa wa mashine ya dada yule ulipokuwa. Kwenye plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa zambarau. Huo unatakiwa uwe na volti 5 muda wote saplai ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama mashine imezimwa, kwa sababu ndio unaoiamsha madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) unapobonyeza swichi. Weka ncha nyeusi ya mita ya kupimia volti kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye zambarau, ukipenyeza kwa nyuma ya plagi bila kuichomoa. Kipimo kinachokubalika ni 4.75 hadi 5.25. Ile mashine asubuhi ilisoma 4.3. Niliiacha imechomekwa, kipimo kikapanda polepole mpaka 4.8, nikabonyeza, ikawaka mara moja.

Sababu ni kapasita zilizozeeka, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme ndani ya saplai. Majimaji ya ndani yake hukauka mwaka hadi mwaka, na zikiwa za baridi hushindwa kazi. Zikipata joto kidogo zinajikongoja. Ndiyo maana tatizo ni la asubuhi. Angalia na zile za madabodi: kichwa kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, zimekufa.

Mashine ikiwa inawaka, pima pia njano (11.4 hadi 12.6) na nyekundu (4.75 hadi 5.25).

Nawasihi, boksi la saplai lenyewe msilifungue. Kapasita kubwa za ndani hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Badilisha saplai nzima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Yangu feni zinazunguka na taa inawaka, ila kioo cheusi.*
Marahaba mwanangu. Anza na ramu, hatua ya 2. Kama mashine ina kadi ya picha (kadi ya ziada inayotuma picha kwenye monita), waya wa monita uchomekwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Hilo linawachanganya wengi.

*Kaka, yangu inawaka vizuri lakini Windows inachukua dakika kumi kufunguka.*
Hapo tuhumu diski, inapohifadhiwa Windows na mafaili yako. Ukisikia inagonga "tak, tak", hamisha mafaili yako leo hii kabla ya jambo lolote. Kama ni nzima ila ni ile ya zamani ya kuzunguka, weka SSD (diski isiyozunguka), utaona tofauti siku hiyohiyo.

*Naweza kufunga saplai ya mtumba?*
Unaweza, ila ipime waya wa zambarau palepale dukani ikiwa ya baridi, kabla hawajaiwasha muda mrefu. Na uende na ile ya zamani mkononi: mashine nyingi ndogo za ofisini zina plagi za kipekee, na ile ya pini 24 haiingii.

*Na sisi tusio na mita?*
Azima saplai nzima ya jirani yenye plagi kama yako, uijaribu asubuhi, mashine ikiwa imelala usiku kucha. Wapo wanaounganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipini cha karatasi, feni ikizunguka wanasema saplai ni nzima. Ya dada yule nayo feni ilizunguka.