Pacha wa kidijitali wa kiwanda: anza na hesabu ya nishati, picha za 3D baadae

Wengi wakisikia pacha wa kidijitali wanawaza kiwanda cha 3D kinazunguka kwenye skrini, boila inang'aa nyekundu na bosi anapiga makofi. Hayo mapambo tu. Pacha ni modeli ya kompyuta inayokula data za mtambo wenyewe, inakuambia nishati inaishia wapi, na ikikosea unajua imekosea kwa kiasi gani.

Kabla hujawasha kompyuta andika swali moja. Mfano: kompresa zipi ziwake saa ngapi ili umeme upungue? Swali ndo linaamua mengine yote, ukiwa unapanga matumizi ya siku nzima data ya kila dakika 15 inakutosha, ila ukitaka kurekebisha presha ya mvuke hapohapo unaongelea sekunde, na hapo gharama zinapaa.

Halafu chukua karatasi uchore mpaka wa mfumo. Kwa boila gesi au mafuta yanaingia pamoja na maji, unatoka mvuke, moshi wa moto, maji machafu ya kupunguza chumvi, na joto linalotoroka kwenye ganda. Jumlisha nishati ya pande mbili, inayoingia na inayotoka. Zikipishana sana usiendelee, kuna mita inadanganya au kuna bomba umelisahau (mara nyingi ni bomba).

Sasa sensa, yaani vifaa vya kupima joto na mtiririko, hapa ndo miradi inafia. Tuseme maji kilo 2 kwa sekunde yanaingia nyuzi 60 yanatoka 80, joto ni 2 × 4.19 × 20 (4.19 ni kJ za kupasha kilo moja ya maji nyuzi moja), kama kW 168. Tofauti ikisomwa na kosa la nyuzi 1 umeshakosea asilimia 5. Lakini kwenye saketi ambayo tofauti yake ni nyuzi 5 tu, kosa hilohilo la nyuzi 1 ni asilimia 20, na hakuna modeli itakayokuokoa hata uiandike kwa ustadi gani, kwa hiyo nunua sensa mbili zilizolinganishwa pamoja, na hakikisha saa za mita zote zinasoma muda mmoja.

Kwenye modeli yenyewe fizikia iwe mifupa, kompyuta ijifunze yaliyobaki kutoka kwenye data. Pampu ikipunguzwa kasi hadi asilimia 80, nguvu inashuka hadi kama asilimia 51, ni kanuni ya kipeo cha tatu (0.8 × 0.8 × 0.8). Ila kama pampu inapandisha maji kwenye tangi la juu kanuni hiyo peke yake itakudanganya, ongeza kwenye hesabu kimo ambacho maji yanapandishwa.

Jaribu kwa wiki ambazo modeli haijawahi kuziona, na ziwemo siku za kiwanda kusimama maana hapo ndo inaumbuka. ASHRAE Guideline 14, mwongozo wa wahandisi wa Marekani wa kupima akiba ya nishati, kwa data za kila saa inataka CV(RMSE), yaani ukubwa wa makosa ukilinganisha na wastani, isizidi asilimia 30 na upotofu (kuegemea juu au chini kwa jumla) usizidi 10, ni ya majengo lakini mi naona ni pa kuanzia tu, kwa boila moja yenye mita nzuri ningetaka chini ya hapo.

Mwanzoni pacha asome tu, asiamuru kitu. Kinga za usalama zibaki kwenye PLC (kompyuta ya viwandani inayoendesha mtambo), hilo halijadiliwi. Akishaanza kupendekeza, mtu wa zamu akubali au akatae, na akikataa aandike kwa nini, maana humo ndo utajua kuna valvu inagoma ikipoa na haiko kwenye mchoro wowote.