Bunduki ya upepo kwenye baridi chini ya sifuri

Siku kipimajoto kikisoma nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, jambo la kawaida Minnesota huko Marekani au Finland mwezi Januari, usiitoe bunduki ya upepo nje kabla hujajua risasi yake inasukumwa na nini. Baridi haiziathiri zote kwa namna moja.

Inayotumia vichupa vya gramu 12 vya kaboni dioksidi, iache nyumbani. Ndani ya kichupa gesi hiyo ni kimiminika, na presha yake hufuata joto: kwenye nyuzi 20 ni takriban bar 57 (bar ni kipimo cha presha), kwenye sifuri ni 35, na kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hubaki kama 26. Kila unapofyatua, kimiminika kingine hugeuka mvuke na kukipoza kichupa zaidi, kwa hiyo ukifyatua mfululizo kila risasi huenda taratibu kuliko iliyotangulia. Mwisho wake risasi hukwama mtutuni. Usifyatue nyingine juu yake. Toa gesi yote, kisha isukume risasi iliyokwama kwa ufito wa kusafishia. Wala usikipashe kichupa kwenye hita au jiko, kitapasuka.

Ya springi ni mvumilivu zaidi. Adui yake ni grisi: ile nzito inayopakwa kwenye springi kuzuia mtetemo hugeuka kama gundi, pistoni ikachelewa, na mwendo ukawa haulingani risasi hadi risasi. Fundi aifungue, aifute yote, apake nyepesi na kidogo. Kabla ya kulenga shabaha, fyatua risasi tano hadi kumi za kuipasha, na usifyatue tupu kamwe. Bila risasi mbele hakuna hewa ya kuizuia pistoni, nayo hugonga mwisho wa silinda. Zenye pistoni ya gesi badala ya springi hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya presha kutoka nyuzi 20 hadi 10 chini ya sifuri. Utaona hata kuikoki kumekuwa kwepesi.

Ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa ndiyo bora kwa baridi, na ndiyo inayotisha wengi bure. Ukiijaza sebuleni hadi bar 200 kisha ukatoka nayo, geji itashuka hadi kama 180. Hiyo si kuvuja, ni hewa kupoa. Kuvuja kwenyewe utakujua hivi: subiri bunduki ipoe kabisa, andika geji inasoma ngapi, iangalie tena baada ya saa tatu. Joto la nje halijabadilika na mshale umeshuka? Oringi, zile pete za mpira za kuziba hewa, zimekakamaa. Zitoe, badilisha zilizopasuka, zipake grisi ya silikoni pekee. Mafuta ya petroli au ya mashine yasiguse njia ya hewa ya presha kubwa, kwa sababu yanaweza kuwaka na kulipuka.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Mtungi wenye kikomo cha bar 230 ukijazwa hadi hapo ukiwa nje kwenye baridi hiyo, utafika karibu 258 ndani ya nyumba ya nyuzi 22. Ukijazia nje, ishia 200. Pampu ya mkono nayo iwe na kichujio cha unyevu, maana maji yakiingia huganda kwenye valvu na kuizuia isifunge. Yenye regyuleta ya bar 120, yaani kifaa kinachoishusha presha ya mtungi na kuipa kila risasi bar 120 zilezile, haitabadilika sana mwendo. Ila ukianza na 180 badala ya 200, akiba yako ni bar 60 tu badala ya 80, yaani risasi pungufu kwa karibu robo.

Rekebisha darubini bunduki ikiwa imeshapoa nje kwa saa moja hivi. Hewa ya baridi hiyo ni nzito kwa takriban asilimia 11 kuliko ya nyuzi 20, hivyo risasi hupunguza mwendo mapema na kupiga chini, hasa ukipita mita 30. Usijaribu kufidia kwa kukaza nguvu ya bunduki. Kwa walio England na Wales hilo ni kosa la kisheria linalosubiri kiangazi: ukiiweka kwenye kikomo cha futi-paundi 12 (kipimo cha nishati ya risasi) wakati wa baridi, joto likirudi itakivuka, na bunduki ya upepo inayozidi hapo huhitaji cheti cha silaha.

Glovu nene na kifyatulio chepesi havipatani. Vaa nyembamba mkono wa kufyatulia, na kidole kibaki nje ya kikingio hadi uwe umelenga. Mdomo wa mtutu ukiingia theluji, toa risasi kwanza ndipo uusafishe.

Kurudi nyumbani ndipo kutu huanzia. Hakikisha haina risasi wala haijakokiwa, ifunge kwenye mfuko wake ukiwa bado nje, na usiufungue kwa saa mbili au tatu. Umande utatanda juu ya mfuko, si juu ya chuma. Kisha ifute, upake chuma cha nje mafuta mepesi, na uiache wazi ikauke usiku kucha. Ukungu ulio juu ya lenzi ya darubini utaondoka wenyewe. Ukiwa ndani, kati ya vioo, gesi kavu iliyojazwa kiwandani imeshatoka na kufuta hakusaidii, ipeleke kwa fundi.