Kufuatilia uchaguzi wa Marekani ukiwa Kisumu

Jumanne ya uchaguzi lala mapema. Vituo vya Georgia hufungwa saa tisa usiku kwa saa zetu, vya California saa moja asubuhi.

Usigande kwenye jumla ya kura. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 3, akashindwa. Wanaoamua ni wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na mwenye 270 ameshinda. Andika daftarini wajumbe wa majimbo yenye ushindani mkali: Pennsylvania 19, Michigan 15, Wisconsin 10. Hakuna tume kama IEBC yetu ya kutangaza mshindi; mwaka 2020 vyombo vya habari vilimtaja Biden kuwa mshindi Jumamosi, siku nne baada ya kura, maana Pennsylvania haifungui kura za posta kabla ya siku ya uchaguzi.

Kabla ya hayo yote, tafuta msimamo wa kila mgombea kuhusu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kufadhili vita dhidi ya UKIMWI. Obama tulimshangilia 2008 hadi tukapewa siku ya mapumziko, lakini dawa za ARV anazomeza mama yangu mdogo kila jioni zilitokana na mpango huo, ulioanzishwa na George W. Bush 2003. Fuatilia na kura za Seneti: fedha hizo hupitishwa na Bunge lao.