Somo: Kupima msitu kabla ya kumrudisha chui milia

Wenzangu wa Gede, Dida, Witu na Mokowe, salaam. Mmeuliza mara nyingi: watu wa Asia wanajuaje kwamba msitu umeiva kumpokea tena chui milia? Mnyama huyu ni wa huko, na mifano yangu mingi ni ya huko, ila pale nitakapoona inafaa nitawarudisha Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, maana msitu ule mnaujua kwa miguu.

Hatua ya 1: Jua kilichommaliza.
Kama kilichomuua bado kipo, usimlete. Sariska, kule Rajasthan, India, ilipofika 2005 ilithibitika kwamba hakubaki hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza. Mwaka 2008 walianza kuletwa wengine kutoka Ranthambore, hifadhi nyingine ya jimbo hilohilo. Dume wa kwanza kuletwa alikufa kwa sumu mwaka 2010. Vijiji vilikuwa bado ndani ya hifadhi, na ugomvi wa mifugo haujatatuliwa.

Hatua ya 2: Hesabu chakula.
Hapa ndipo nawaomba mtulie. Chui milia mmoja huua wanyama kama 50 wa ukubwa wa swala kwa mwaka. Ili mawindo yasipungue, asichukue zaidi ya sehemu moja katika kumi, kwa hiyo nyuma ya kila chui milia lazima wawepo wanyama kama 500 wanaozaliana. Jike wa Chitwan, Nepal, hutosheka na kilomita za mraba 20 hivi, kwa sababu kulungu na nguruwe mwitu ni tele. Jike wa Sikhote-Alin, Urusi ya mashariki, huhitaji karibu 400. Sasa pigeni hesabu: Arabuko-Sokoke yote ni kama kilomita za mraba 420. Kwa wingi wa chakula cha Chitwan lingekuwa eneo la majike ishirini. Kwa uhaba wa Sikhote-Alin, la jike mmoja. Anayekuja na ramani ya ukubwa wa msitu peke yake hajapima kitu.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya miguu. Chora njia nyoofu za kilomita mbili au tatu, zipite kila aina ya uoto, si zile rahisi tu. Ingieni alfajiri, watu wawili, kimya, mwendo wa pole. Kila mkiona mnyama, andikeni umbali wake kutoka mliposimama na nyuzi za upande aliko kulinganisha na njia, kisha rudieni njia zilezile mara nyingi. Kwenye kichaka kizito ambako macho hayafiki, pimeni viwanja vidogo kwa kamba mhesabu vinyesi. Kamera za kutegea zifungwe kimo cha goti.

Na mkihesabu wanyama, hesabuni mitego pia. Msitu unaweza kuwa wa kijani na mtupu. Upande wa Mijomboni nilikuwa nikifuata njia ya paa chini ya mirihi, nikakuta waya wa breki ya baiskeli umefungwa kwenye mti mwembamba. Kitanzi kimekaza, manyoya ya kahawia yamenasa, na gome limechunika mduara mzima, chini kidogo ya goti langu. Yule paa alizunguka pale mpaka nguvu zikamwishia. Nilikaa chini kwa muda. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili: wanyama kwa kilomita, na mitego kwa kilomita. Ya pili ikipanda, sina haja ya kuendelea na hatua ya tatu.

Hatua ya 3: Maji na kificho.
Nendeni kiangazi kikiwa kikali, si baada ya masika. Kisima kilichojaa Juni hakiwaambii lolote kuhusu Februari. India wangekwenda Aprili au Mei.

Hatua ya 4: Watu.
Kaeni na wachungaji, wakata kuni na wazee kabla ya kutaja mnyama yeyote. Nani huingia msituni, saa ngapi, ng'ombe hulala wapi? Satkosia, hifadhi ya jimbo la Odisha, India, walileta dume na jike mwaka 2018. Wanakijiji walipinga tangu mwanzo. Dume alikufa mwaka huohuo, na jike akatuhumiwa kuua watu, akakamatwa, hatimaye akarudishwa jimbo alikotoka, Madhya Pradesh. Msitu ulikuwepo. Ridhaa haikuwepo.

Hatua ya 5: Njia za kutokea.
Watoto wakikua wataondoka, lazima wapate ushoroba, yaani njia salama ya kufika msitu mwingine. Hata mzazi huweza kuondoka: dume aliyeletwa Panna, India, mwaka 2009 alishika njia ya kurudi alikotoka, wakamfuata wiki kadhaa kwa kola ya redio na kumrejesha. Mwaka 2010 watoto wakazaliwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Witu: Mwalimu, assalaam aleikum. Huku simba wanatuulia ng'ombe. Mtu atakubalije aongezewe mnyama mwingine?
Jibu: Wa aleikum salaam, kaka yangu. Hana sababu ya kukubali kama fidia inachelewa na boma ni la miiba mikavu. Boma imara na malipo ya haraka vitangulie. Gede, mradi wa Kipepeo, wa kufuga na kuuza vipepeo, tangu 1993 umewapa watu kipato kutokana na msitu uliosimama. Faida ya namna hiyo mtu huishika mkononi.

Dida: Na mbwa wa vijijini? Naona wanaingia msituni kila siku.
Jibu: Umenikumbusha nililolisahau, dada. Waandikeni. Ugonjwa wa distempa wa mbwa uliua kama theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na chui milia wa Urusi pia umewaua. Chanjo ya mbwa iwe sehemu ya kipimo.

Shela: Kwa nini wasiletwe msitu wa Boni?
Jibu: Hatua ya 1 huuliza kilichommaliza, mwanangu, na huku hakuna aliyemalizwa. Hakuwahi kuishi porini Afrika. Boni ina simba na chui wake, na hao ndio wa kuhesabiwa chakula.

Mokowe: Kazi yote inachukua muda gani?
Jibu: Tazama Kazakhstan. Hifadhi ya Ile-Balkhash ilianzishwa 2018, mahali ambapo chui milia walikuwa wametoweka katikati ya karne iliyopita. Kwanza walipanda miti kandokando ya maji, wakarudisha kulungu wa Bukhara na punda mwitu waitwao kulan. Chui milia wawili, Bodhana na Kuma, walifika kutoka Uholanzi Septemba 2024, na hao hawakuletwa ili waachiwe: mpango ulikuwa wakae ndani ya ua, waachiwe watoto wao. Miaka sita ya kutayarisha meza, na mgeni mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa.