Unaishi chini ya mlima? Haya uyaangalie kabla mvua hazijaanza

Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliushukia mji wa Katesh mkoani Manyara na kuua watu zaidi ya 80. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wingi, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanyonya maji mpaka ikaachia, na mzigo wote ukafuata njia za maji hadi kwenye nyumba na soko. Waliopigwa zaidi walikuwa chini, kwenye makazi, mbali na kilele. Kwa hiyo kabla ya kujifariji kwamba kiwanja chako ni tambarare, jiulize maji ya mlima unaouona dirishani hupita wapi.

Jibu litafute kiangazi, kwa miguu. Pandisha na korongo lililo karibu nawe. Ukikuta mawe makubwa kama meza yamelala ovyo katikati ya mchanga, ujue hayakuletwa na kijito cha kawaida. Waulize wazee wa hapo kama mlima uliwahi kushuka. Nyumba iliyo mita chache kutoka kwenye korongo la namna hiyo inanitia hofu kuliko iliyo juu kwenye mgongo wa kilima, ingawa ya juu ndiyo inayotisha macho.

Kwa wanaojenga mtelemkoni, kosa kubwa ni kuchonga kilima ili kupata kiwanja na kuacha ukuta wa udongo uliosimama wima nyuma ya nyumba bila kitu cha kuuegemeza. Maji ya bati yakimwagikia hapohapo, au bomba likivuja juu yake, udongo unalowa na kuwa mzito. Chimba mtaro uyapeleke maji pembeni. Migomba ina mizizi mifupi, usiitegemee. Miti ya mizizi mirefu na nyasi za vetiva husaidia udongo wa juu, lakini haviwezi kuzuia mlima uliokatika kutoka chini kabisa.

Mvua zikishaanza, dalili ni hizi: ufa mpya ardhini, hasa uliopinda kama mwezi mchanga, nguzo au uzio ulioanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, maji yanabubujika mahali pasipokuwa na chemchemi. Ila ipo moja inayodanganya wengi. Mto ukipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, watu hufurahi, kumbe huenda udongo umeziba njia huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo usingoje tangazo la mtendaji. Ondoka.

Usiku ndio mgumu zaidi. Maporomoko ya Pokot Magharibi, Kenya, Novemba 2019, yaliwakuta watu wamelala. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, kalaleni kwa ndugu walio mbali na korongo, hata kama jirani atawacheka. Vitambulisho, kadi za kliniki, dawa, tochi na viatu vya kufunga viwe kwenye begi moja. Mahali pa kukutania pachagueni kwa jicho lilelile la njia ya maji: Aprili 2024, tope la Mlima Kawetele jijini Mbeya lilifunika nyumba na kuiharibu shule pia.

Ukisikia mngurumo, kimbilia pembeni na mahali pa juu. Usishindane na tope kuteremka, hutalishinda. Ukinaswa ndani, panda ghorofani kama ipo, au ingia chini ya meza imara na ukinge kichwa. Kwa Tanzania, Zimamoto na Uokoaji hupigiwa 114. Usirudi kuchukua mbuzi wala godoro, maana mlima ulioshuka mara moja huweza kushuka tena siku hiyohiyo. Maji ya kisima kilichoingiwa na tope msiyanywe mpaka yapimwe, na nyaya za umeme zilizoanguka waachieni mafundi wa TANESCO.