Kabla ya kushusha mashua Reelfoot: upepo, visiki, krapi na blugili

Ziwa Reelfoot liko pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Tennessee, jirani na Mto Mississippi, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Nashville. Kwa ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Tanzania wakahamia miji ya Tennessee na Kentucky, safari ya kuvua huku samaki wa krapi na blugili inawezekana kabisa mwisho wa wiki, na Aprili ndio mwezi wake. Ila ziwa hili halifanani na bwawa la bustani ya mjini. Lilizaliwa na matetemeko ya ardhi ya New Madrid, eneo la Missouri, kati ya Desemba 1811 na Februari 1812: ardhi ilititia, maji yakajaa, msitu ukabaki ndani. Hadi leo miti ya misaipresi imesimama majini, na chini ya maji vimejaa visiki usivyoviona. Kina cha wastani ni kama futi 5 tu. Maji mafupi yaliyotandaa namna hiyo huchafuka upesi; mawimbi yake hufuatana karibu karibu na huingia kwenye mashua ndogo kabla hujajipanga. Ndiyo maana nasema maandalizi ya Reelfoot yaanze na upepo, samaki wafuate.

Anza kusoma utabiri siku mbili kabla. Ofisi ya Memphis ya idara ya hali ya hewa ya Marekani ndiyo inayohudumia eneo hilo, na hutoa tahadhari maalumu ya upepo wa maziwani. Usitazame kasi peke yake. Tazama upepo unatoka wapi, na utageuka saa ngapi. Majira ya machipuko upepo wa kusini huvuma kwa nguvu siku moja au mbili, hewa ikawa ya joto, kisha baridi ikaingia kwa ghafla na upepo wa kaskazini ukachukua zamu. Mgeuko huo ukikukuta katikati ya sehemu kubwa ya wazi ya ziwa wanayoiita Blue Basin, ukingo uliokuwa kinga yako asubuhi ndio unaopigwa na mawimbi mchana. Kwa maoni yangu, upepo ukitabiriwa kuzidi maili 15 kwa saa, baki nyuma ya miti. Ukizidi 20, vulia gatini au ukingoni, na siku haitakuwa imepotea, kwa sababu krapi wa Aprili huja hadi maji mafupi. Radi au onyo la kimbunga cha tonado likitajwa, ahirisha safari. Kijiji cha Samburg, kilicho kandokando ya ziwa, kilibomolewa vibaya na tonado ya Desemba 10, 2021, na dhoruba za aina hiyo ni nyingi zaidi majira ya machipuko.

Ukishajua upepo unatoka wapi, ndipo uchague mahali pa kushushia mashua. Upepo wa kusini unakutaka ukingo wa kusini, ambako miti inakukinga. Ukilazimika kusafiri, anza kwa kwenda kinyume na upepo wakati bado una nguvu na betri imejaa, ili jioni ukiwa umechoka upepo ukusukume kurudi.

Mashua yenyewe iwe na tumbo bapa, na iende polepole. Wenyeji walibuni mashua yao ya mbao kwa ajili ya visiki hivi, yenye makasia ya kuungwa yanayomwezesha mpiga kasia kutazama mbele anakokwenda badala ya kugeuza mgongo. Dale Calhoun, fundi wa mashua hizo, alipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa mwaka 1998. Hiyo peke yake inakuonyesha kutazama mbele kuna uzito gani huku. Ukiwa na injini, valia ule mkanda wa usalama unaoizima ukianguka, na chukua kasia kwa sababu rafadha, yaani panga la injini, huvunjika. Ndoo ya kuchotea maji isisahaulike. Nanga ya makucha iache nyumbani, itanasa kwenye kisiki isitoke tena. Tumia uzito wa mviringo, na ufunge kamba upande wa omo, yaani mbele ya mashua, daima. Mashua iliyofungwa tezi, yaani nyuma, dhidi ya upepo huchota wimbi, na wimbi la pili likija imeshakuwa nzito.

Jaketi la kuokolea ni la kuvaa, halifai kukaliwa. Sheria ya Tennessee inataka kila aliyemo awe na lake, na mtoto wa miaka 12 kushuka chini alivae muda wote mashua inapotembea. Mimi ningetaka watu wazima nao wavae mwezi Machi na Aprili, hata anayejua kuogelea tangu utoto wake Kigoma. Maji ya nyuzi 10 au 12 za Selsiasi hukata pumzi dakika ya kwanza, na hapo ndipo watu hufa, karibu kabisa na mti ambao wangeweza kuushika. Vaa nguo za tabaka tabaka, za sufu au za sintetiki. Pamba ikilowa inakupoza. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu aliyebaki nyumbani ajue unashukia wapi na utarudi saa ngapi.

Sasa samaki. Krapi huanza kutaga maji yakifika kati ya nyuzi 16 na 20 hivi, na blugili hufuata yakipanda kuelekea 21 na zaidi. Kwa hiyo chukua kipimajoto kidogo cha maji, kwani kinakwambia mengi kuliko kalenda. Blugili dume huchimba kiota cha mviringo kwenye maji mafupi kama anavyofanya perege wa kwetu, viota vingi vikapangana mahali pamoja. Tofauti ni kwamba blugili hubaki kulinda mayai pale pale. Miwani ya kukata mng'ao hukusaidia kuviona, lakini maji yakiwa na mawimbi huoni kitu, kwa hiyo vitafute kwenye vihori vilivyotulia nyuma ya miti. Wengi wa huko hupanga safari ya blugili kwa kufuata mwezi mpevu wa Mei.

Ufito mrefu wa kuvulia ndio silaha ya upepo. Chukua wa futi 10 au 12, usirushe. Shusha chambo wima kando ya shina, ncha ya ufito ikiwa karibu na maji ili upepo usipate mshipi wa kuupindisha. Sogelea mti kwa kuelekeza omo kwenye upepo, ili ukikosea usukumwe mbali na mti, usibamizwe nao. Krapi hutazama juu anapowinda, hivyo chambo kikae juu yake kidogo, kisishuke hadi tope. Siku tulivu jigi, yaani ndoana yenye kichwa kizito, ya gramu 2 inatosha. Upepo ukivuma panda hadi gramu 3 au 4, au ongeza chubwi, kile kizito cha mshipi. Ndoana za waya mwembamba ni bora humu, maana zikinasa kwenye kisiki zinanyooka ukivuta, badala ya kukatika mshipi. Midomo ya krapi ni laini mno, inachanika. Usivute kwa kishindo, na mwopoe kwa wavu. Blugili ana mdomo mdogo, mpe ndoana namba 8 au 10 na nyenje au mnyoo. Samaki wadogo walio hai, ambao krapi huwapenda, nunua dukani kando ya ziwa, uulize pia krapi wanapatikana kina gani wiki hiyo.

Kabla ya kushika tawi, litazame. Nyigu hujenga kwenye matawi ya chini, na kuna nyoka wa majini wenye sumu wanaopenda kuota jua juu ya magogo. Kwenye mti uliokufa usifunge kamba, wala usikae chini yake upepo ukivuma.

Leseni inahitajika kwa kila mwenye miaka 13 na zaidi, nayo hununuliwa mtandaoni kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, TWRA. Mkazi wa Tennessee aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1989 lazima awe na cheti cha mafunzo ya mashua ili kuendesha injini inayozidi nguvu-farasi 8.5. Soma kitabu cha kanuni cha mwaka huo kwa idadi ya krapi unaoruhusiwa, kisha pakia sanduku la barafu, barafu iwe nyingi kuliko unavyodhani. Minofu ya krapi ni myembamba na hulegea upesi kwenye joto la gari saa tatu nzima.