Dizeli ya mgao: jinsi ya kulima masika kwa lita chache

Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilikutana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na vita vya Ukraine vikaipandisha tena mwaka 2022. Kwa mkulima wa Kahe au Arumeru shida ni ileile: masika hayasubiri foleni ya kituoni. Panga kwa lita kwanza, ekari baadaye.

Pima trekta lako. Lisimamishe mahali tambarare, jaza tangi hadi shingoni, lima ekari moja, kisha rudi palepale ujaze kwa dumu lenye vipimo. Lita zilizoingia ndizo ulaji wake. Tuseme plau limekula 8 na haro, ya kuvunja mabonge, 4: mgao wa lita 120, ukitenga 24 za kusomba mbegu na mavuno, unatosha ekari 8 tu.

Hazitoshi? Weka plau pembeni, tumia ripa. Yenyewe hupasua mistari ya kupandia tu, sentimita 75 hadi 90 kutoka mstari hadi mstari. Ipitishe kabla ya mvua. Udongo ukiwa na maji, jino linakata mfereji laini na gamba gumu la chini linabaki zima. Kasoro yake ni magugu, ndiyo maana inafaa kupanda ngwara, zao la jamii ya maharage, katikati ya mahindi ifunike ardhi. Maksai nao huvuta ripa, lakini mwisho wa kiangazi wamekonda, hivyo waanze kupewa mabua na pumba wiki kadhaa kabla.

Plau likiwa halikwepeki, angalia tairi zinavyoteleza. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, endesha mizunguko 10 plau likiwa juu, pima umbali, kisha rudia likiwa ardhini. Mita 45 zikishuka kuwa 39, mtelezo ni asilimia 13, hapo pazuri. Ukipita 15, ongeza uzito nyuma au punguza kina. Kazi nyepesi ya haro ifanye kwa gia kubwa na mwendo mdogo wa injini. Moshi mweusi ukitoka, injini imelemewa, shusha gia.

Tafadhali usichanganye mafuta ya taa ili dizeli iongezeke. Pampu ya nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno, vyuma vyake vinasagana. Dizeli ya pipa iache itulie siku nzima, mpira wa kunyonyea uwe sentimita 5 juu ya kitako, kwa kuwa maji na uchafu hukaa chini. Tangi lijaze jioni: likilala tupu, baridi ya usiku hugeuza unyevu wa hewa iliyomo kuwa maji.